Damu ya Kiyira Kabla ya Mbale

Jumanne, 3 Machi 1998
Leo farasi Kiyira amekimbizwa kweli hapa Mafubira. Povu shingoni, mbavu juu chini. Mjukuu wangu Daphine yuko mgongoni, anacheka tu! Jumamosi wanashindana Mbale. Alipomaliza, Daktari Odongo akamtoa farasi damu. Anasema moyo ukifanya kazi ngumu, kuna kitu chake kinavuja kwenye damu. Jina lake limenishinda. Farasi akipumzika siku nzima, kinashuka. Kisiposhuka — huenda moyo umeumia, na farasi kama huyo anaweza kuanguka katikati ya mbio.
Na aliye juu yake je? nikamuuliza. Daktari akafunga mkoba.
Shule sikukanyaga. Daphine ndiye alinifundisha herufi hizi.

Jumatano, 4 Machi
Damu ya pili imetolewa mchana. Zote zimekwenda Kampala. Kiyira anakula vizuri. Mimi ndiye sili.

Ijumaa, 6 Machi
Simu imekuja. Damu ya kwanza, kile kitu kiko juu — kawaida baada ya mbio. Ya pili, juu vilevile!
Daphine akaangalia viatu vyake. Namjua huyo. Nikamvuta nyuma ya zizi: sema. Akasema. Jumatano alfajiri, badala ya kumpumzisha Kiyira, alimkimbiza njia ya Buwenge, eti awe mwepesi. Akamfuta jasho tusijue. Mpumbavu! Kichwa kimejaa pumba! Halafu nikamkumbatia, mpaka akalia, "Jaja, unanivunja mbavu."
Tukamwambia daktari. Bwana Mubaraka, mwenye farasi, akapiga makofi: basi ni mbio tu, moyo mzima! Daktari akasema hapana, sasa hatujui kitu. Huenda mbio, huenda moyo. Apumzike, apimwe tena Jumatatu.
Bwana akasema watu wa Mbale hawangoji Jumatatu.

Jumamosi, 7 Machi. Mbale
Nimekaa juu ya ndoo. Hatamu nimezizungusha mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Daphine yuko mgongoni kwa Kiyira. Farasi wengine wako mstarini. Daktari amemsikiliza Kiyira kifua: mapigo sawa. Lakini farasi amesimama! Nani hayuko sawa akisimama?
"Mama, achia hatamu," anasema Bwana Mubaraka.
"Kata mkono kwanza."
Watu wanacheka. Wacheke.
Sasa anamwambia Daphine apige kisigino, bibi ataachia mwenyewe. Daphine hapigi. Ameinama, sikio shingoni kwa Kiyira. Haniangalii.
Amechomoa mguu mmoja kwenye kikuku cha tandiko, kama anataka kushuka —