Siku Ile Feni Ilikuwa Inazunguka

Ndugu, jamaa na marafiki wa redio yetu ya Kampemba, kwa majonzi makubwa tunawatangazia kifo cha Feni ya Studio, kilichotokea Jumatatu asubuhi katikati ya habari za soko, baada ya kukohoa kwa miaka mingi. Marehemu anaacha mjane mmoja, ambaye ni meza ya mitambo, na yatima wawili, yaani mimi na jasho langu. Kilio kiko palepale studio. Tafadhali musilete maua. Leteni feni.

Yaya Ilunga, kaka yangu mkubwa, umecheka? Ni mimi, Fizibu wako. Jina ulinipa wewe, siku ya kwanza nilipokuja kushika mitambo. Ukawaambia wenzetu: "Huyu fundi iko sawa fizibu ya umeme. Ukimutisha kidogo, anakatika." Miaka yote hiyo nimelibeba, hata watoto wangu wanaitwa ba Fizibu. Nimenenepa, Yaya, na nywele zangu zilizobaki zimeondoka kukusindikiza. Ni miezi minane sasa tangu tukuzike.

Redio imefunguliwa. Usifurahi bado. Wale mabwana wa Ofisi ya kusimamia redio waliitoa lakiri yao mlangoni, wakaja kuibandika vinywani mwetu. Simu za wasikilizaji hazipokelewi tena hewani. Kila mazungumzo tunayarekodi kwanza, tunawapelekea, na anayeyasikiliza ni yule bwana wa kalamu nyekundu, ambaye Kiswahili chetu anakijua kama mimi ninavyojua kuogelea. Wanasema ni kwa ajili ya kulinda amani. Amani gani? Makaburini pia kuna amani. Unisahihishe kama nakosea, wewe uko huko.

Na neno "kula" limekatazwa. Naapa. Juzi mama mmoja alieleza namna ya kupika sombe ya majani ya muhogo, wakamkata pale aliposema mukule na bukari ya unga wa mahindi ikiwa moto. Wasikilizaji wanajua kuipika tu. Cha kufanya baadaye, kila muntu na serikali yake.

Neno hilo ndilo lililotuangusha. Unamkumbuka Mama Ngalula, muuza makala ya kupikia, alipopiga simu katika kipindi chako cha asubuhi? "Papa Ilunga, jambo sana! Ile pompi ya mayi ya avenue yetu iko wapi? Bakubwa balikula pompi yetu! Siye tunaendaka kuteka mayi ku muto!" Kila anayebeba bidoni ya maji katika mji huu alielewa. Pompi ililiwa, maana yake iliondoka kwa wakubwa ikaibiwa njiani. Lakini Ofisi ikaagiza tafsiri ya Kifaransa, na mtafsiri wao akaandika kwamba viongozi walitafuna mashine ya chuma. Ukaitwa kujibu kosa la kutangaza uongo, kwa sababu muntu hawezi kutafuna chuma.

Nilikuwa nyuma yako nimebeba faili. Ulisimama, ukavua kofia, ukasema kwa heshima zote: "Bwana Mukubwa, basi mufungue kinwa, tuangalie ku meno." Chumba kizima kilicheka, isipokuwa yule wa kalamu nyekundu, na mimi. Mimi nilikuwa natafuta mlango.

Wakakuamuru uombe msamaha hewani. Ukakubali haraka, hata nikashangaa. Jumatatu ukakaa mbele ya micro na shati lako la Pasaka, ukasema: "Ninaomba musamaha. Ninaomba musamaha kwa Mama Ngalula, juu siku ile sikumuacha amalize. Mama, uko ku simu? Maliza."

Halafu sauti ikakatika.

Mji mzima ulisema ni umeme. Nani angeshangaa? Umeme wetu unajulikana kwa tabia zake. Wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kusema hivyo. Ulitoka studio ukanipiga begani: "Fizibu, courant ya leo ni muoga kuliko weye." Mchana walikuja na lakiri yao, wakafunga hata hivyo. Moyo wako ulikuwa mgonjwa toka zamani, sitasema wao ndio waliouua. Ila ulikufa redio yako ikiwa bubu, tukaenda kuomba kwa redio ya jirani wakusomee tangazo. Wakakusoma kati ya matangazo ya sabuni na mafuta ya nywele, wakakuita fundi. Wewe mtangazaji, fundi! Ningekuwa na nguvu ningerudi kuwapiga.

Sasa feni imekufa, Yaya, na ilikuwa shahidi wa mwisho ukiniondoa mimi. Ndiyo sababu naandika. Mzaha umekwisha.

Umeme haukukatika. Kabla ya kipindi chako, simu ililia pale kwenye mitambo. Mtu wa Ofisi. Hakupaza sauti. "Fundi, uko na bibi na batoto, siyo? Yule mama asisikike." Sikukuambia. Nilikuletea chai, nikakuuliza kama ina sukari ya kutosha. Mama Ngalula alipoanza kusema, nilishusha kile kitufe cha sauti, mpaka chini. Nimejaribu kusema kidole kilienda chenyewe. Hapana. Nilikishusha mimi. Hewani palikuwa kimya, na masikioni mwako pia. Mimi peke yangu, kwa kaske ya fundi masikioni, nilimsikia akimaliza. Alisema pompi ameiona kwa macho yake, njia ya Lukafu, ku shamba ya mukubwa mumoja, inanywesha mahindi. Aliisimulia vizuri, bila tusi hata moja. Halafu akauliza: "Papa Ilunga, unanisikia?" Akauliza mara tatu.

Ukanitazama kupitia kioo. Kisha ukainua macho, ukaitazama feni juu ya kichwa chako. Ilikuwa inazunguka. Kwii, kwii. Ukaitazama muda mrefu, halafu ukatoka kwenda kuwaambia watu ni courant. Hata hospitalini, mgeni akiuliza, ni courant. Ulijua, Yaya. Ulijua, na uliendelea kula chakula cha bibi yangu pale kitandani na kukisifu.

Nilimfuata Mama Ngalula sokoni. Nilimwambia kila kitu katikati ya mifuko ya makala. Alinitukana mpaka akachoka, halafu akaniuliza ni siku gani nitamrudisha hewani. Jumatatu, saa yako ileile, hewani moja kwa moja, bila kuwapelekea kitu wale wa Ofisi. Kwanza nitasema mimi ni nani na nilifanya nini. Kisha yeye atamaliza. Bibi yangu nimemwambia pia. Alinitilia blanketi na sabuni za gerezani katika mfuko, akauweka karibu na mlango.

Hiyo ndiyo ahadi yangu. Kitufe cha sauti nimekipandisha juu kabisa, nimekibandika kwa utepe wa skochi, kuzunguka mara nne. Ninajijua.

Pumzika vema, Yaya. Na ukisikia kimya Jumatatu, ujue safari hii si mimi.

Mudogo wako,
Fizibu