Nzi wa Bafuni kwa Baba

Nyumbani kwa baba,
Chumba cha nyuma,
Jumamosi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. Habari za huko, na kile kikohozi kimekuachia? Shemeji hajambo? Mimi mwili mzima ila utulivu sina. Hii ni karatasi ya tatu, mbili nimezifinyanga nikazitupa. Sikupigi simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza katikati, nami nitaanza tena kukuzungusha.

Baba anaendelea vizuri. Mkono uko kwenye plasta na daktari amesema wiki nne zaidi. Anakula kwa mkono wa kushoto na kulalamika kwa mdomo mzima.

Unawakumbuka wale vijidudu weusi wa bafuni, waliokuwa wakitua ukutani juu ya tundu la maji, ukiwapiga kandambili kabla ya kuoga? Basi, dunia nzima haijawahi kuwapa jina. Usicheke kwanza.

Ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Mabawa yake yana manyoya, anayalaza mgongoni kama paa la banda, na kila bawa lina madoa matatu meupe yaliyojipanga mstari. Miguu ya nyuma ina nywele nyeupe, utadhani amevaa soksi za shule. Hatembei moja kwa moja. Anakwenda upande, anasimama, anageuka, kama mtu aliyesahau alichofuata jikoni. Kule kazini kwangu, kwenye jumba la makumbusho, nimefungua droo zote za nzi, mia moja na kumi na mbili, hayumo. Nikamwandikia bingwa wa nzi wa jamii hii, mzee mkali asiyesifu mtu. Alijibu mstari mmoja: hajawahi kumwona, nimpelekee mchoro wa dume.

Shida ikaanzia hapo. Majike wa nzi hawa wanafanana mno. Kinachowatofautisha ni vishikio alivyonavyo dume kwenye ncha ya tumbo, na bila kuvichora hakuna jarida la kitaalamu litakalokubali jina jipya.

Dume nilimpata mmoja tu, mwezi wa Januari. Kazi yenyewe ni hivi: unakata tumbo, unalichemsha dakika tano kwenye dawa kali inayokula nyama na kuacha ganda, unasuuza, unachora. Nilichungulia kabla ya muda nikaviona, vishikio viwili vilivyopinda, kila kimoja na meno manne. Nikarudisha kwenye dawa visafike zaidi. Ndipo ulipopiga simu kuniambia kwamba baba amekueleza alivyoteleza bafuni bila kuumia, na kwamba umeshaongea na fundi bomba aje avunje sakafu yote na kung'oa bomba la zamani. Tulibishana dakika arobaini. Niliporudi mezani, kichupa kilikuwa na maji ya rangi ya chai na chenga zisizotambulika.

Sasa nasema wazi, dada. Fundi hakukudanganya. Alikuja mara tatu, na mara zote mimi ndiye niliyemrudisha mlangoni. Mara ya kwanza nilisema vigae havijafika, navyo vimejaa chini ya kitanda changu. Mara ya pili nilisema baba ana wageni. Mara ya tatu hata uongo uliniishia, nikamwambia aje wiki ijayo, naye akaniangalia akasema, "Bosi, kwani hili bafu lina nini?" Wewe ukamfokea mtoto wa watu kwenye simu, mimi nikanyamaza.

Nilitaka dume mmoja tu. Watoto wa nzi hawa wanakulia kwenye ule utando wa tope ndani ya bomba. Bomba likitoka, wametoka. Nikafunika lile tundu kwa bakuli la plastiki la kuwategea, na kila asubuhi ni majike, majike matupu. Nimefikisha kumi na tisa. Nikamkataza baba kumwaga dawa ya sakafu, eti itamuumiza kifua. Ndiyo maana utelezi ukazidi. Jumanne hii aliingia kunawa, akakanyaga karibu na bakuli langu, akaangukia mkono. Mimi nilikuwa kazini nachora bawa la jike.

Tangu siku hiyo nikikaa nasimama, nikisimama natafuta pa kukaa. Juzi nilimweleza baba yote nikitegemea anifukuze. Akauliza, "Huyo nzi yuko kwetu tu?" Nikamwambia sijui, nimepekua mabafu kumi na moja ya majirani na sijamwona. Akasema, "Basi mkamate upesi. Mimi nataka kuoga bila kusindikizwa."

Fundi yuko bafuni sasa hivi. Nilimfungulia mwenyewe saa mbili asubuhi, nikamwomba radhi. Kila nyundo inapogonga nainua kichwa.

Niliiacha kalamu hapo kwa saa nzima. Fundi aling'oa kifuniko cha tundu, nzi wakatapakaa hadi huku chumbani. Mmoja alitua ukutani mbele ya meza, na vipapasio vyake vilikuwa virefu, vya dume. Nilimjua bila hadubini. Kichupa kilikuwa mkononi, kizibo nimeshakitoa. Baba akaniita kutoka chumbani kwake, alitaka kuinuka. Nikajibu, "Nakuja." Nikasikia kitanda kinalia, ameanza kujaribu mwenyewe. Nikaweka kichupa mezani, nikaenda kumwinua, nikampeleka sebuleni.

Niliporudi ukuta ulikuwa mtupu. Fundi ameshang'oa bomba, anakoroga saruji. Nimelia, dada, sikufichi. Mtu mzima nimelilia nzi, na baba yuko sebuleni ananiuliza chai iko wapi.

Nakuomba umpigie fundi umtake radhi, makosa hayakuwa yake. Mimi nihukumu utakavyo. Nisalimie shemeji na wapwa zangu, yule mrefu na yule mtundu. Baba anakusalimu, anasema mkono wa kushoto haujui kuandika. Mungu akulinde huko uliko, akuondolee kikohozi, atukutanishe tukiwa wazima.

Wako akupendaye, hata kama wiki hii hutaki kuniona,

Mdogo wako