Swichi ya Kabonga Iliyonyamaza

Rumonge,
Jumapili, 12 Oktoba 2025

Mpendwa Shangazi Suad,

Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nimeandika programu inayofanya kazi ya Lameki, na mwenyewe hajui.

Nisamehe, nimetanguliza habari kabla ya salamu. Assalamu alaykum. Goti lako linaendeleaje huko Muscat? Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mama ameanika ndagala, dagaa wa ziwani, uani, nyumba nzima inanuka. Nakuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu Baba husikia kila kitu.

Tangu nimalize shule niko kwenye staji, mafunzo ya kazi, katika koperativi ya akiba, mkabala na duka la Baba. Lameki ndiye fundi wa mtandao, na ananifundisha kwa subira. Kila ofisi ina swichi, kisanduku kinachounganisha kompyuta zake zote. Mpangilio ukibadilika, Lameki hupanda pikipiki kwenda ofisi zetu za Minago kisha Kabonga, akaandike amri zile zile kwenye kila swichi. Mimi nimeziweka katika faili moja, skripti. Kompyuta inaisoma na kuzipeleka yenyewe kupitia mtandao. Chai haijapoa, kazi imekwisha.

Juzi niliijaribu. Rumonge ikakubali, Minago ikakubali, Kabonga ikanyamaza. Nilikuwa nimeiamuru ifute anwani yake ya zamani ya mtandao kabla ya kuipa mpya. Ni kama kumwambia mtu akate simu, halafu ukaendelea kumpa maagizo.

Lameki akaenda mpaka Kabonga, mvua ikimnyeshea. Alirudi na mfuko wa ndagala aliopewa huko, anacheka.

"Safari yote hiyo kwa kuzima na kuwasha! Ile swichi inanipenda, binti Khalifa. Inaniita tu."

Nilitaka kusema, nikaishia kumpokea mfuko.

Swichi ikizimwa na kuwashwa hurudia anwani ya zamani, ndiyo maana ilipona. Kosa nimelirekebisha. Lakini bosi wetu, Bwana Barnaba, alishasema mbele yangu: "Nikipata mtu wa kufanya haya akiwa amekaa hapa, huyu wa pikipiki wa nini tena?" Staji yangu inaisha mwezi huu, Shangazi, na kazi naitaka sana. Ila skripti yangu haina pikipiki. Kabonga ilipokwama, aliyeifikia ni Lameki.

Kesho nitamwambia yeye kwanza, pamoja na lile kosa, na nitampa faili. Akikubali, tutaipeleka kwa bosi sote wawili. Naogopa atakasirika, lakini nitasema.

Mama na dada Abeer wanakusalimu sana. Nisalimie Azzan na watoto wake. Mungu akuondolee maumivu, akuweke mpaka tuonane.

Tafadhali, Baba asijue. Bwana Barnaba hununua sukari kwake kila asubuhi, na Baba akijivunia mtoto wake hawezi kunyamaza. Akikuuliza nimeandika nini, mwambie nimeuliza habari za goti. Nimeuliza kweli.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda,
Wafa