Mkono wa Beatha

Kaka yangu Pankras,

Shikamoo. Hamjambo huko Ukata? Magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi hii ya Juni? Mpe pole Wifi Walburga kwa kazi ya kuchuma kahawa, maana najua msimu huu hapati hata nafasi ya kukaa chini. Mimi mwili wangu ni mzima. Nimeandika mwili kwa makusudi, na utaelewa ukisoma hadi mwisho.

Nimekupigia simu mara mbili tangu jambo lenyewe litokee, na mara zote nimeishia kukueleza habari za mvua na chakula. Ndiyo maana nimeandika. Barua hii anakuja nayo Ndugu Nicolaus wa ofisini kwetu, anayetangulia kurudi. Nimeibandika kwa gundi. Tafadhali isome peke yako, na usimsomee Mama.

Unajua tulivyoletwa huku Uskoti. Halmashauri inataka tujenge makumbusho madogo pale Mbamba Bay, ya mitumbwi na uvuvi na maisha ya watu wa ziwani, na wafadhili wakaona kwamba mimi kama afisa utamaduni, pamoja na wenzangu, tujifunze kwa watu wa pwani ya huku. Kila mji mdogo huku una nyumba yake ya kumbukumbu. Nyingine ni ghala la zamani la nyavu, nyingine ni chumba kimoja tu nyuma ya kanisa. Tuliona mapipa waliyotilia samaki wa chumvi, na picha za wanawake waliokuwa wakipasua samaki mchana kutwa, vidole vyao vimefungwa vitambaa ili kisu kisiwakate. Nilicheka nikasema hawa ni shangazi zetu kabisa, wanaoanika usipa, dagaa wa ziwa letu.

Lakini hofu ilianza kuniingia mapema, Kaka. Katika nyumba ya kwanza waliyotupeleka, boti nzima imening'inizwa darini. Unapita chini yake, unaona tumbo lake lote, na mimi nikajiona kama mtu aliye chini ya maji anayeitazama ikiondoka. Ukutani kuna ubao wenye majina ya waliokufa kwa dhoruba moja, na jina la ukoo lilelile limerudiwa baba, mwana, mwana. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilitoka nje nikasingizia kichwa.

Katika msafara wetu yumo binti mmoja anaitwa Beatha, mwalimu wa historia kutoka Tingi. Ni mtu wa mlimani kama mlivyo ninyi sasa, kuogelea hajui. Siku ya kuondoka mama yake alikuja stendi ya Songea akanishika mkono akasema, mwanangu nimekukabidhi. Nilimjibu asiwe na wasiwasi.

Basi, Alhamisi iliyopita tulipelekwa mahali penye kisiwa kidogo. Juu yake ipo nyumba ya watunza taa wa zamani, nayo sasa ni makumbusho. Kwenda kisiwani humo hupandi chombo. Maji ya bahari yakipwa, unavuka kwa miguu juu ya mchanga na mawe, na njia imewekewa miti mirefu ya kukuongoza. Anayeitunza nyumba hiyo ni mama mmoja mzee anaitwa Eliza, ambaye kiangazi chote hulala hukohuko. Alituonyesha kila kitu kwa upole, taa, kamba za kuokolea, hata kitanda alichozaliwa baba yake. Halafu akatazama dirishani na uso wake ukabadilika. Akasema, "Ondokeni sasa. Chai mtakunywa ng'ambo."

Wenzetu wakaondoka. Mimi nilimsikia vizuri, Kaka, ila sikumsikia. Wewe na mimi tumekulia kando ya maji. Ziwa letu linachafuka, linaua, lakini halina tabia ya kuondoka asubuhi na kurudi jioni kudai mahali pake. Habari za maji kupwa na kujaa tulizisoma shuleni tukajibu mtihani, basi. Nikamwambia Beatha anisubiri kidogo nipige picha za mashua ya zamani iliyolazwa nyuma ya nyumba, nikidhani Eliza ni bibi tu anayependa kuharakisha watu. Eliza alitufuata huko nyuma akiwa amekasirika, akatushika mabega akatusukuma tuende. Alimvika Beatha koti lake la manjano kwa sababu upepo ulikuwa umeanza kuuma.

Tulipofika kama nusu ya njia, ukungu ukaja. Unaujua ukungu wa Mbinga unavyoshuka taratibu juu ya mashamba. Huu haukushuka. Ulitoka baharini umesimama wima, ukatufunika, na miti ya njia ikapotea yote isipokuwa ule tuliokuwa karibu nao. Nikasikia maji. Sikuyaona, niliyasikia, yanatembea kwa sauti ndogo kama watu wanaonong'ona, upande wa kulia, kisha kushoto pia. Beatha aliniuliza ile ni sauti ya nini. Nilimwambia ni upepo.

Tulijaribu kwenda mbele tukakuta pale kati pamekuwa mto unaokwenda kasi. Tukageuka kurudi, na nyuma napo hapakuwa tena na mchanga. Maji yalipofika mapajani nilimvuta hadi kwenye mti, nikaukumbatia kwa mkono mmoja na kumshika yeye kwa mkono wa pili. Baridi ile sina jina lake. Haikuwa baridi ya ngozi, iliingia kwenye mifupa ikaanza kuzima kitu kimoja baada ya kingine. Tulipiga kelele hadi sauti zikakauka. Beatha alisali kwa Kimatengo, kisha akaacha kusali. Maji yalipotufika kifuani miguu yake iliinuka, akawa anaelea akining'inia kwenye mkono wangu peke yake, na uzito wake wote ukawa kwangu. Akasema, "Dada, usiniache." Nikasema siwezi kukuacha.

Tukasikia honi mbali. Eliza alikuwa ameuona ukungu akapiga simu, na watu wa boti ya uokoaji walikuwa wakitutafuta. Na ndipo, wakati msaada umekaribia, mkono wa Beatha ukatoka.

Walimpata. Nikuambie hilo mapema ili usihangaike. Koti la manjano ndilo waliloliona. Amevunjika mkono juu ya kiwiko na mapafu yaliingia maji, lakini juzi amekula uji wa huku, mzito kama ugali, na daktari anasema wiki ijayo atasafiri. Jana wenzangu wamekwenda kwenye makumbusho mengine. Mimi nilifika mlangoni, nikasikia harufu ya kamba na lami, nikageuka nikarudi.

Sasa nisikilize, Kaka. Wote hapa wanasema nilimshika Beatha hadi mwisho. Ndugu Nicolaus ameshapiga simu ofisini akaeleza hivyo. Beatha mwenyewe, akiwa kitandani, alimpigia mama yake simu mbele yangu akamwambia Dada hakuniachia, maji ndiyo yaliyonipokonya. Nilikuwa nimekaa pale nikatingisha kichwa kukubali.

Ukweli ni kwamba sijui. Vidole sikuvisikia tena. Sijui kama vilijifungua au nilivifungua. Lakini ninachokijua ni hiki, na sijamwambia padri wala mtu yeyote. Mkono ule ulipotoka, kabla sijaogopa, kabla sijaita jina lake, niliona wepesi. Niliukumbatia ule mti kwa mikono miwili nikavuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa tamu. Ndipo nikapiga yowe.

Tangu hapo silali vizuri. Maji siyaogopi kama ninavyouogopa mkono wangu.

Kaka, siku uliyotoka majini pale Liuli bila Baba, ulikuwa bado kijana wa shule. Hakuna aliyekuuliza kitu. Watu walisema yao, Mama akanyamaza, nawe ukahamia mlimani ukalima kahawa, na ziwani hujashuka tena hata kwa msiba wa Shangazi. Mimi sikuulizi kama ulimwachia. Siulizi hilo hata kidogo. Nakuuliza ulipobaki peke yako, je, na wewe uliuona ule wepesi? Kama uliuona, umeishije nao miaka yote hii? Na kama hukuuona, basi mimi ni mtu wa namna gani?

Usinijibu kwa simu. Nikitua Songea nitapita kwanza kwako kabla ya kushuka Mbamba Bay. Tutangoja Mama aende kwenye sala za jumuiya, halafu tukae jikoni wewe na mimi. Ukishindwa kusema, nitakaa tu karibu nawe.

Mwambie Mama nakula vizuri na sweta alilonifumia navaa kila siku. Wabusu watoto. Mungu awalinde hapo nyumbani, na mmoja wenu aniombee usingizi.

Ni mimi mdogo wako anayekuhitaji,

Emerensiana