Gari ya Rangi ya Sombe

Kabambare

Mama Albertine, jambo yako na ya watoto wote pale Kasongo. Mimi niko muzima, ila nyumba iko kimya.

Ile gari ya mbio ya patroni, muzungu wangu wa kazi, ilifika juu ya kamyo kubwa ya mizigo. Iko ya kijani ambayo sijaona popote. Patroni anasema fabrike iliyoitengeneza ilipaka gari chache tu rangi hii, hata kwao Ulaya ni adimu. Lakini tumbo yake iko chini sana kwa barabara za hapa, basi haitembei. Mimi shofere wake wa kuiendesha, kazi yangu ni kuifuta vumbi. Watu wanakuja kuangalia gari. Mimi hawaniulizi kitu.

Jana wamama waliotoka shambani walisimama wakabishana. Mumoja akasema ni rangi ya majani ya muhogo. Mukubwa wao akakataa: "Hapana, ni sombe, majani yale yakiisha kutwangwa, kabla hayajatiwa mawese." Kisha akanigeukia: "Na wewe, baba, kwenu nani anakutwangia?"

Nilitaja jina lako. Halafu nikarudi kufuta mulango uliokuwa safi tayari.

Ukitwanga sombe, iangalie kidogo kabla ya kutia mawese. Ndiyo rangi ninayoifuta hapa kila siku.

Wako,
Baba Albertine