Gurudumu la Kivukoni Garsen

Mjukuu wangu Komora,

Huku hatujambo, na mjomba wako amemaliza kuvuna mpunga. Unauliza kama namba unazoandika daftarini zitaishinda kamari ya simu. Hazitaishinda.

Nilipokuwa msichana, miaka ya hamsini, palikuwa na mtu wa gurudumu pale kivukoni Garsen. Lilikuwa na namba sita. Unaweka ndizi moja, na namba yako ikitoka anakupa tano, yako ikiwemo. Nilikariri namba zote zilizotoka, nikapoteza nusu ya mkungu wa kuuza. Mama hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, weka moja kwenye kila namba."

Niliweka sita. Gurudumu lilipotulia nilikuwa nimeshinda, nami nikapewa ndizi tano.

Nyanya yako