Fundi Meno na Mnyama Aliyebaki Bila Kichwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile uliposhuka kwenye ngazi, ukanawa mikono kwenye ndoo na kusema unajinyoosha kidogo kabla ya chakula. Mama alikuja kukuamsha sahani zikiwa tayari mezani. Hukuamka.

Uani, shingo ya dinosaria wako wa mwisho ilikuwa bado mbichi. Ulikuwa umemaliza kuipiga plasta asubuhi ile ile. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba saruji mbichi inataka maji kama mtoto mchanga anavyotaka kunyonya, ikikosa inapasuka. Lakini nani angekumbuka saruji siku ile? Watu walikuwa wanaingia, viti vinapangwa, sebuleni vilio tu. Mama alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Kupitia mlango uliokuwa wazi akamwona Dada Miwani, mchomeleaji wako wa nondo, anaelekea bombani na ndoo.

Mama aliinuka. Akapita katikati ya waombolezaji mpaka kwa Dada Miwani, akaishika ile ndoo.

"Lete."

"Shemeji, kapumzike. Nitamwagilia mimi."

"Nimesema lete."

Akapanda ngazi na nguo zake za msiba, akaimwagilia shingo ile mbele ya watu wote. Wengine walidhani amechanganyikiwa. Shangazi, dada yako anayemjua wifi yake ndani na nje, aliwaambia tu, "Mwacheni. Huo si wazimu, huo ni wivu."

Na kweli ulikuwa wivu. Wivu huo umekaa nasi nyumbani humu miaka mingi kiasi kwamba tulishauzoea kama mtu wa familia.

Siku za kazi ulikuwa wa kliniki. Uliketi kwenye kile chumba kidogo cha nyuma ukichonga meno ya bandia, na mji mzima ukikuita Fundi Meno. Ukisalimiana na mtu ulimtazama mdomo kwanza, macho baadaye. Wazee waliokuja na meno yaliyovunjika hukuwaambia warudi wiki ijayo, uliyatengeneza wakiwa wamekaa pale, maana ulisema mtu hawezi kuahirisha kula. Tumekutana nao wengi mwaka huu. Wanatusimamisha njiani, wanatabasamu makusudi ili tuyaone.

Lakini Jumamosi na Jumapili ulikuwa wa dinosaria. Ulikunja nondo, ukafunga wavu wa kuku, ukapiga saruji, ukapaka rangi, mpaka mnyama aliyekufa kabla dunia haijamwona binadamu anasimama uani kwetu akiwa mrefu kuliko paa. Mama aliwaita wake wenza wake. Yule wa kwanza, wa shingo ndefu, aliyepo langoni, alimpa jina la Bi Mkubwa. "Kamwamkie Bi Mkubwa kwanza," alikuwa akikwambia ukirudi kutoka kazini, "mimi mdogo nitasubiri." Nawe ulimpapasa Bi Mkubwa mguu, ukaingia ndani ukicheka peke yako.

Wote tunakumbuka siku mwalimu alipoleta darasa lake kumtazama. Alimzunguka Bi Mkubwa, akachungulia mdomo wake kutoka chini. Kisha akasema kwa adabu, "Fundi, mnyama huyu ni mzuri mno. Ila akicheka anafanana na mjomba wangu." Ulikuwa umempa magego ya binadamu. Mkono wako ulizoea meno ya watu, ukayatia yale yale, makubwa tu. Ulicheka mpaka ukashika nguzo ya lango, na hukuyabadilisha. Mama alisema dirishani, "Mimi nikikosea chumvi sipati hata tabasamu. Bi Mkubwa anakosewa mdomo mzima, anachekewa."

Tuseme wazi, ili asitokee wa kufikiri vingine: Mama hakuwahi kukutilia shaka na mwanamke yeyote. Wivu wake ulikuwa wa mazungumzo. Mezani ulikuwa mtu wa "mm" na "sawa". Ukishamaliza kula ulikunja kitambaa, ukashukuru, ukanyamaza. Lakini Jumamosi, Dada Miwani akishafika na mashine yake ya kuchomelea na ile miwani myeusi iliyompa jina, Mama aliwasikia kutoka jikoni. Mgongo uinuke, mkia usiguse chini, mguu huu utabeba uzito. Maneno na vicheko mpaka mchana. Mama alikuwa akikatakata vitunguu, anasema, "Kumbe ulimi anao."

Ulipoondoka, wivu haukuondoka nawe. Uliongezeka. Siku za msiba walikuja watu tusiowajua, kila mmoja akisema jinsi ulivyokuwa unawachekesha. Mama aliwasikiliza, akawashukuru, na walipotoka akauliza, "Alikuwa anawachekesha kwa lipi hasa?" Na kila anapopita kituo cha mafuta anamkuta yule dinosaria wako wa pembe tatu, uliyemjenga pale, amekumbatiwa na wasafiri wanaopiga picha. "Nguo za saruji nimefua mimi," anasema, "anayekumbatiwa ni huyo."

Basi, Baba, ndiyo maana yule wa mwisho alibaki bila kichwa. Mla nyama wako wa miguu miwili, uliyetuahidi kwamba atakuwa na mdomo wazi wa kutisha watu. Alibaki na shingo iliyogeukia dirisha la jikoni, na nondo zimechomoza juu yake. Fundi mpya wa kliniki alijitolea kumchongea meno. Mama akamshukuru, akamkatalia. Dada Miwani alifika langoni zaidi ya mara moja.

"Shemeji, kile kichwa nakijua. Tulikizungumza sana."

"Najua mlizungumza," alisema Mama. "Na mimi shemeji yako kwa upande upi?"

"Basi, Mama."

"Mkono wa mtu mwingine hautagusa pale. Alipoishia ndipo alipoishia."

Tulimfunika shingo kwa nailoni, ikapeperushwa na upepo. Tukafunga nyingine. Mvua zilipokuja, maji yaliingia kupitia pale pa wazi, mistari ya kutu ikaanza kushuka mgongoni, na siku moja tukauona ufa kifuani. Uliwahi kutuambia maji yakishaingia kwenye nondo, mnyama anaoza kutoka ndani. Tulikuwa tunamwangalia akioza.

Shangazi ndiye aliyesema. Alisimama chini ya yule mnyama, akauwekea ufa kiganja.

"Wifi, huyu unamtunza au unamuua?"

"Namtunzia mwenyewe."

"Mwenyewe harudi. Akianguka huyu, mkono wa kaka yangu umeanguka nao. Unamwonea wivu mpaka saruji?"

"Saruji haizeeki, wifi," alisema Mama. "Haikohoi, haiulizi umechelewa wapi. Kwa nini nisiionee?"

Lakini kesho yake alitutuma tumwite Dada Miwani.

Hatujawahi kumwona Mama akihangaika vile kwa mgeni. Alifagia ua ambao tayari ulikuwa safi. Dada Miwani alipofika, akapanda, akachungulia ndani ya shingo, akashuka na kusema bado anaweza kuokoka, ufa utazibwa, ila kichwa lazima kiwekwe kabla ya mvua zinazofuata. Mama akakubali kwa kichwa. Tukaona kuna jambo jingine anataka kuuliza.

Sisi tulilijua. Mwaka mzima Mama ameosha vyombo akitazamana na shingo ile. Wanyama wako wote wanatazama barabarani. Huyu peke yake amegeukia jikoni. Hakuwahi kutuambia anafikiri nini, lakini kuna siku tulimkuta mbele ya lile dirisha na sahani moja mkononi, maji yakimwagika tu.

"Nikuulize," alimwambia Dada Miwani. "Kwa nini alimgeuza huku?"

Dada Miwani alivua miwani. Alitazama shingo, akatazama dirisha, akamtazama Mama. Alielewa anaulizwa nini. Angeweza kusema uongo mzuri na sote tungeushukuru.

"Kulia, upande wa barabara, kuna waya za umeme," alisema. "Pua ingezigusa. Ndiyo maana tukamgeuza kushoto."

Mama aliinua uso. Akazitazama zile waya kutoka kwenye nguzo hadi kwenye ukuta wetu. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Tulidhani analia, tukasogea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akijifuta macho kwa kiwiko.

"Waya," alisema. "Huyo ndiye mume wangu. Huyo ndiye hasa."

Dada Miwani naye akashindwa kujizuia.

Wakaanza kazi. Mama aliweka sharti moja: mdomo ufungwe.

"Alitaka uwe wazi," alisema Dada Miwani. "Meno yote nje."

"Meno alikuwa akichonga nani?"

"Yeye."

"Basi. Meno ya mtu mwingine hayakai kwenye mnyama wake. Afunge mdomo."

"Mla nyama aliyefunga mdomo, Mama? Watu watasema amenuna."

"Anune. Amefiwa."

Dada Miwani alikunja nondo upya. Wavu walifunga pamoja. Saruji alipiga Mama mwenyewe, na hapo tulishuhudia mambo. "Unaipaka kama siagi," Dada Miwani alimwambia. "Irushe, ishike." Mama akairusha, nusu ikamrudia usoni. Shavu la kushoto la yule mnyama limevimba kidogo, kama mtu mwenye jino bovu. Dada Miwani alitaka kulipunguza. Mama akakataa, akasema kwa Fundi Meno mgonjwa wa jino hafukuzwi.

Ufa umezibwa, Baba. Kichwa kipo, kimefunga mdomo, na rangi imekauka. Wapita njia wanasema kweli amenuna. Mama anawajibu kwamba nao wangenuna.

Wivu haujaisha, usidhani. Wiki iliyopita wasafiri walisimama kumpiga picha huyu mpya, na mmoja akauliza nani kamtengeneza. Dada Miwani akasema, "Fundi Meno." Mama akasema, "Na mimi." Jioni ile alimwambia Shangazi kwamba Dada Miwani alijibu haraka mno, kana kwamba kaulizwa yeye. Lakini Jumamosi iliyofuata Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza langoni kumsubiri. Tukiwa jikoni tunawasikia wanaongea, mara wanaangua kicheko. Tukitoka kuuliza wanacheka nini, Mama anasema, "Mambo ya nondo, hamtaelewa." Sasa tunajua, Baba, alivyokuwa anajisikia upande huu wa dirisha.

Unakumbukwa na mkeo, na sisi wanao na wenzi wetu, na wajukuu wako wanaompanda Bi Mkubwa mkia kila siku, na dada yako, na wenzako wa kliniki, na wazee wote wanaotafuna kwa mkono wako. Na Dada Miwani, ambaye Mama amekubali aandikwe, ila mwishoni. Maadamu tupo, jina lako halitakauka midomoni mwetu.

Jumamosi hii wanaanza mguu wa mnyama mwingine, na chakula cha mchana tunapika sisi.